Soksi Imegoma: Dalili, Chanzo na Namna ya Kuiokoa Bila Kufumua Yote

"Mama, soksi imegoma."

Hiyo ndiyo hodi ninayopigiwa Jumamosi jioni barazani kwangu mtaa wa Kisasa, Dodoma, mara nyingine hata shikamoo haijatoka. Mtu anaingia getini na mfuko wa kitambaa, sindano zimechomoza kama miiba ya nungunungu, na donge la uzi lilishajifunga mafundo njiani. Wengi walianza kufuma kwa sababu ya baridi ya hapa. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti mchana jua linawaka kama kawaida ila usiku upepo unapita chini ya mlango na kukukamata nyayo. Wageni wanaokuja kwa Bunge la bajeti na viatu vya wazi wanalijua hilo kufikia wiki ya pili.

Nikipewa soksi iliyogoma siangalii kwanza pale palipoharibika. Nauliza: kipi kipya hapa? Uzi mpya, sindano mpya, au mtindo mpya wa kisigino? Mara nyingi jibu ni vyote vitatu. Mtu kaona video usiku, asubuhi kaenda sokoni kununua uzi ambao hajawahi kuushika, kaazima sindano za jirani, kisha anajaribu kisigino ambacho hajawahi kukifuma. Ikigoma, hajui amlaumu nani. Mtindo mgeni ujaribu kwa uzi unaoujua na sindano ulizozizoea, na uujaribie kwenye kisoksi cha mtoto mchanga cha vitanzi 32. Hicho unakimaliza kwa jioni moja na kukifumua bila machozi.

Kabla hatujaendelea, tuelewane maneno. Barazani kwetu kitanzi chenye umbo la V tunakiita cha uso, na chenye nundu tunakiita cha mgongo. Ni kitanzi kilekile, umekitazama upande gani tu. Sehemu ya juu inayovutika, viwili vya uso na viwili vya mgongo, tunaiita mpira ingawa haina mpira wowote ndani.

Haipiti kisigino

Hii ndiyo kesi ninayoiona kuliko zote. Soksi nzuri, mguu unaingia hadi katikati, halafu inakwama kama shati la mwaka juzi.

Vuta ukingo wa juu kwa vidole viwili. Ukikaza kama kamba huku kitambaa kilicho chini yake kikivutika vizuri, kosa liko kwenye kuanzisha vitanzi. Ulivipanga kwa kukaza mno, na mpira hauwezi kufunguka zaidi ya ukingo unavyouruhusu. Watu wengi huambiwa waanzishe juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja. Inasaidia kidogo, lakini kinachokuwa kikubwa hapo ni kitanzi, wakati kinachobana ni uzi unaopita kati ya kitanzi na kitanzi. Kwa hiyo acha nafasi: kila ukiongeza kitanzi kipya, weka ncha ya kidole cha shahada kati yake na mwenzake ndipo uvute.

Kama ukingo unavutika na kitambaa chenyewe ndicho kigumu, hesabu haikutosha au sindano ni nyembamba kwa uzi ule. Hapa nawajua wenzangu: tunatumia spoku. Ukifika kwa fundi baiskeli wa mtaani kwetu anauliza kabisa, "Za tairi au za soksi, mama?" Unakata kichwa kilichopinda na upande wenye nyuzi za skrubu, unapiga tupa, unamalizia na msasa mpaka ncha iteleze kwenye shavu bila kukwaruza. Spoku nyingi zina unene wa milimita 2 hivi. Hizo ni za uzi mwembamba wa soksi, ule ambao gramu 100 zinatoa karibu mita 400. Ukifuma nazo uzi wa sweta, unapata kitu kinachosimama chenyewe mezani. Kwa uzi mnene tafuta milimita 3 au zaidi kidogo. Vijiti vya mishikaki vingi vinakaribia milimita 3, na ukivisugua msasa kisha ukavipaka nta ya mshumaa vinafanya kazi ya miezi kadhaa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Zungusha futi kamba kwenye mguu pale palipo panapana, chini ya vidole. Tuseme umepata sentimita 23. Toa sehemu moja ya kumi, kwa sababu soksi inatakiwa iwe ndogo kuliko mguu ili ishike. Unabaki na 21 hivi. Fuma kipande cha majaribio, hesabu vitanzi ndani ya sentimita 10. Vikiwa 30, yaani vitatu kwa sentimita, 21 mara 3 ni 63. Peleka kwenye 64 kwa sababu mpira wa mbili-mbili unataka namba inayogawanyika kwa 4. Uzi wa sweta ukikupa 22 kwa sentimita 10, unahitaji 44 au 48 tu. Mtu anayeanzisha 64 za uzi wa sweta kwa sababu video ilisema 64 atapata soksi ya kuvalisha kigoda.

Kipande hicho cha majaribio kifume kwa mzunguko, si kwenda na kurudi. Wengi wetu tukifuma mgongo tunalegeza kidogo, kwa hiyo kipande cha bapa kinadanganya.

Inapita, lakini inateremka

Kinyume chake. Umevaa asubuhi, ukifika soko la Sabasaba imeshajikusanya chini ya unyayo. Ama hukutoa ile sehemu ya kumi, ama mpira ni mfupi (chini ya sentimita 4 ni pambo tu), ama uzi hauna roho ya kurudi. Pamba ikivutika inabaki imevutika. Akriliki inarudi kiasi, ila ukiipiga pasi imekwisha: moto unailaza, na haiamki tena. Sufu ndiyo inayorudi vizuri. Ukiwa na pamba pekee, fuma mpira wa moja-moja, mrefu, kwa sindano iliyo nyembamba hatua moja, na punguza vitanzi vinne.

Ngazi pembeni

Mistari ya vitanzi vilivyolegea inayopanda wima mahali sindano mbili zinapokutana. Kila anayefumia sindano za ncha mbili ameionja. Ushauri unaosikika kila mahali ni "kaza kitanzi cha kwanza". Jaribu, utaona kinalegea tena, maana ukikaza cha kwanza bado sindano haijatulia. Fuma cha kwanza kawaida, ingiza sindano kwenye cha pili, kisha vuta uzi. Hapo kitanzi cha kwanza kimekaa kwenye unene wa sindano na kinabaki kilipo.

Ukiwa na sindano nne, vitanzi vimekaa juu ya tatu na pembe ni kali. Ongeza ya tano: umbo linakuwa mraba, pembe inafunguka, na mvutano unapungua. Spoku ya tano si gharama ya kumkimbiza mtu. Kuna wanaohamisha makutano kwa kufuma vitanzi viwili vya sindano inayofuata kila raundi. Ngazi hupotea, lakini hesabu ya kisigino nayo inaweza kupotea. Weka alama ya uzi wa rangi nyingine mwanzo wa raundi kabla ya kucheza mchezo huo.

Wenye sindano ya waya mrefu wa sentimita 80 au 100, wanaofuma nusu-nusu kwa kuchomoa waya katikati, ngazi zao zinatoka kwenye waya ulio mgumu. Uloweke kwenye maji ya moto dakika chache, unyooshe, acha upoe.

Ngazi ndogo usiihangaikie. Ikioshwa mara mbili inajigawa yenyewe.

V zimekunja miguu

Kitambaa kinakaza, hakivutiki, na ukisogeza jicho karibu unaona kila V imekunja nne kama mtu kwenye mkeka. Vitanzi vimejisokota. Ama unazungusha uzi upande usio wake kwenye sindano, ama unaingia kwenye mguu wa nyuma wa kitanzi badala ya wa mbele.

Kinachonifurahisha kwenye kosa hili ni jinsi linavyojificha. Mtu anaweza kufuma bapa miaka miwili bila kujua, kwa sababu anakosea kwenye mgongo na kurekebisha bila kujijua kwenye uso. Siku anapoanza soksi, ambayo kwa mzunguko ni uso mtupu, kosa moja linakosa mwenzake wa kulifuta. Anasema soksi ndizo ngumu, kumbe mkono wake ulikuwa hivyo tangu mwanzo. Geuza kitanzi kwenye sindano uangalie: mguu wa kulia ukae mbele. Ukiukuta nyuma, ingia kwa nyuma, kitanyooka.

Tundu kwenye kona ya kisigino

Hapa kaa vizuri, maana ndipo watu wanapoacha soksi kabatini.

Kisigino cha ukuta, kile cha zamani, kinafumwa hivi kwa soksi ya vitanzi 64. Nusu yake, 32, inafumwa bapa kwenda na kurudi mistari 32 (huo ndio ukuta), na kitanzi cha kwanza cha kila mstari unakihamisha tu bila kukifuma. Hicho kinachohamishwa kinatengeneza mnyororo pembeni: vitanzi 16 virefu kila upande, kimoja kwa mistari miwili. Kisha unakunja kona kwa kupunguza katikati mpaka vinabaki 18, unaokota 16 pembeni kulia na 16 kushoto, na ukijumlisha na 32 vya juu ya mguu vilivyokuwa vinasubiri una 82. Unapunguza viwili kila baada ya raundi moja, mara 9, unarudi 64.

Tundu linatokea pale ukuta unapoagana na sehemu ya juu ya mguu. Si kosa lako peke yako. Pale vitanzi viwili jirani vimeachana kwa mistari 32 na uzi unaoviunganisha umevutwa pande mbili. Usiokote uzi huo uliolegea kama ulivyo, maana utalikuza tundu. Okota kitanzi kimoja zaidi kutoka mstari ulio chini ya kona, kisokote kwa kufuma mguu wa nyuma, na raundi inayofuata kiunganishe na jirani yake. Ukifanya hivyo pande zote mbili na kuamua kuvihesabu, una 84, na utapunguza mara 10 badala ya 9. Wengine wanaona 84, wanadhani wamekosea, wanafumua. Hapana. Endelea.

Kama tundu haliko kwenye kona bali kuna vitundu vingi mfululizo kando ya ukuta, uliokota nusu ya kitanzi badala ya miguu yake yote miwili. Na kama ukingo umejikunja ukakaza kama upindo wa kanga, umesahau kuhamisha kitanzi cha kwanza, kwa hiyo mnyororo haupo na umeokota popote ulipopata. Hapo fumua ukuta. Hakuna njia ya mkato ninayoijua inayovalika.

Mwaka jana mama mmoja aliniletea soksi yenye kisigino kilichochongoka kama mdomo wa kuku. Tukakaa mkekani, nikaanza kuhesabu mistari na ukucha. Ukuta una mistari 32, sawa. Vya kuokota 16, sawa. Kona... nikageuza soksi ndani nje. Alikuwa anapunguza na kugeuka, lakini hakusogea kitanzi kimoja zaidi baada ya kupunguza, kwa hiyo kona yake haikupanuka hata kidogo na kisigino kikawa pembetatu. Ukitazama sindano wakati wa kukunja kona utaona pengo dogo kati ya vitanzi ulivyovifanyia kazi na vile ambavyo bado. Unapunguza kwa kuunganisha kimoja cha kabla ya pengo na kimoja cha baada yake, unafuma kimoja zaidi, unageuka. Kile kimoja zaidi ndicho alichokisahau. Alicheka mpaka akafuta machozi na ncha ya kitenge, kisha akafumua mwenyewe, mistari kumi na nne tu.

Mistari mifupi ina macho

Kisigino cha mistari mifupi ni kipya kwa wengi wetu na kinapendwa kwa sababu hakina kuokota. Unafuma mpaka kitanzi kimoja kabla ya mwisho, unageuka, unarudi, kila safari fupi zaidi, halafu unaanza kurefusha tena. Mahali pa kugeukia hubaki tundu lisipozibwa. Njia ya zamani ni kuzungushia uzi kitanzi kabla ya kugeuka. Tatizo lake: wakati wa kurudi lazima uuokote ule mzunguko na kuufuma pamoja na kitanzi chake, na kwenye uzi mweusi jioni hauonekani.

Mimi nimehamia kwenye njia ya Kijerumani. Ukigeuka, hamisha kitanzi cha kwanza uzi ukiwa mbele, kisha vuta uzi juu ya sindano kuelekea nyuma kwa nguvu mpaka kitanzi kipande na kuonyesha miguu miwili. Ukirudi, fuma miguu yote miwili kama kitanzi kimoja. Ukiona bado kuna macho, hukuvuta vya kutosha. Hii ndiyo sehemu pekee ya soksi ambayo nakuruhusu kuvuta kama unafunga mzigo wa boda. Ukiona vitanzi vimeongezeka, ulihesabu miguu miwili kama vitanzi viwili.

Na kisigino hiki kikibana juu ya mguu, si wewe. Hakina zile pembetatu za pembeni, zinazotokana na vitanzi vya kuokota, zinazompa nafasi mwenye mguu ulioinuka juu. Kifumie vitanzi zaidi ya nusu, asilimia 60 hivi, au rudi kwenye ukuta.

Kuanzia vidoleni

Video nyingi sasa zinafundisha soksi inayoanzia vidoleni, na watu wanadhani ni mtindo wa juzi. Soksi za pamba zilizopatikana Misri, za karibu karne ya 11 hadi ya 14, nazo zilianziwa vidoleni. Kilicho kipya ni namna ya kuanzisha. Judy Becker, Mmarekani, alichapisha mwaka 2006 njia ya kupanga vitanzi juu ya sindano mbili kwa zamu bila mshono wowote, na ndiyo watu wanayojaribu.

Dalili ya kwanza ni mstari wa nundu katikati ya ncha ya vidole. Umegeuza sindano, ukaanza kufuma ukiangalia upande wa nundu. Dalili ya pili ni vitanzi vya sindano moja kukunja miguu kwenye raundi ya kwanza. Viangalie kimoja kimoja, na kilichokaa kinyume kifume kwa mguu wa nyuma. Raundi hiyo moja tu.

Ya tatu inakuja mwisho kabisa, nayo inauma: soksi imekamilika, umefunga vitanzi, na haipiti kisigino. Ni ile kesi yetu ya kwanza, imehamia upande wa pili. Kufunga kwa kawaida, kimoja juu ya kingine, hakuvutiki. Kuna njia ya Jeny Staiman ya mwaka 2009 inayofanya kazi vizuri: kabla ya kila kitanzi cha uso zungushia uzi kwenye sindano kinyume na kawaida, kutoka nyuma kuja mbele kwa juu, kabla ya cha mgongo zungushia kawaida. Fuma kitanzi, pitisha ule mzunguko juu yake, ndipo ufunge. Unakula uzi mwingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo usisubiri mpaka zibaki sentimita 50.

Wanaoanzia juu na kumalizia vidoleni wana mzigo mwingine: kuunganisha vitanzi vya mwisho kwa sindano ya kushonea ili mshono usionekane. Wazungu huuita Kitchener, jina la waziri wa vita wa Uingereza aliyekufa mwaka 1916. Ukishaingiza uzi mara ya kwanza pande zote, maneno yake ni haya (toa ni kukitoa kitanzi kwenye sindano, acha ni kukibakiza): mbele, ingia kama wa uso, toa, ingia kama wa mgongo, acha. Nyuma, ingia kama wa mgongo, toa. Ingia kama wa uso, acha. Yaseme kwa sauti. Simu ikiita usiipokee. Ukipotea njia, tazama kitanzi cha kwanza cha kila sindano: uzi ukionekana umetoka kwenye cha nyuma mara ya mwisho, zamu ni ya mbele.

Uzi unapasuka, unanata, unatoboka

Sindano ikichoma katikati ya uzi na kuugawanya, ncha ya spoku ni kali mno au uzi haukusokotwa vya kutosha. Piga msasa ncha. Uzi ukikung'ang'ania vidole na nguo wakati wa kiangazi, ni akriliki na hewa kavu. Weka donge kwenye bakuli, tia kitambaa chenye unyevu pembeni, lainisha mikono na mafuta kidogo sana.

Soksi ikitoboka kisigino baada ya mwezi, angalia kisigino chenyewe kwanza. Hapa kwetu ukame unatupa magaga, na gaga moja linakwangua uzi kuliko sakafu ya saruji. Paka mafuta usiku. Kisha, kwenye kisigino na vidole, fuma uzi mwembamba wa nailoni sambamba na uzi wako. Nyuzi za soksi za viwandani nyingi zina robo ya nailoni kwa sababu hiyohiyo.

Uzi mzuri wa sufu madukani kwetu ni nadra, ila mitumba ipo. Sweta la sufu lililoliwa na nondo mkono mmoja linatoa soksi jozi mbili au tatu. Ugumu ni kulijua. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mfupi uuchome juu ya sahani: sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unazimika wenyewe, na jivu linasagika kati ya vidole. Akriliki inayeyuka, inadondoka, na inaacha kidonge cheusi kigumu. Kisha geuza sweta, tazama mshono wa ubavuni. Ukiwa umepigwa ovaloki, kitambaa kilikatwa kwa mkasi, na ukifumua utapata vipande vya urefu wa mkono mpaka uchoke. Unataka mshono wa mnyororo ambapo kila kipande kina ukingo wake mzima. Na kama sufu imeshaganda kwa kuoshwa na maji ya moto, liache kwa muuzaji, haifumuki.

Uzi uliofumuliwa una mawimbi. Ukiufuma hivyohivyo vitanzi vinacheza. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweke, uanike na kitu kizito kidogo chini yake. Kwa jua la Dodoma, ukianika saa tatu asubuhi, mchana unafuma.

Vya haraka

Kitanzi kimeanguka: usishtuke, kichome pini, kisha kipandishe ngazi kwa ngazi kwa kulabu ya krosheti. Soksi imejisokota kama kamba tangu mwanzo: ulipounganisha raundi vitanzi vilikuwa vimepinduka juu ya sindano, na hakuna dawa ila kuanza upya. Maua ya rangi mbili yanabana: uzi unaopita nyuma ni mfupi; geuza soksi ndani nje wakati wa kufuma, na kamata uzi wa nyuma kila baada ya vitanzi vitano. Ncha ya vidole ni ndefu kama ya kiatu cha bwana harusi: ulianza kupunguza umechelewa, anza zikibaki sentimita 5 kufikia ncha ya kidole gumba.

Na kabla ya kujaribu chochote usichokijua, pitisha uzi wa kushonea wa rangi nyingine kwenye vitanzi vyote vya raundi moja kwa sindano ya kushonea, uuache humo. Mambo yakiharibika unachomoa sindano na kufumua mpaka hapo tu, uzi unasimama wenyewe. Dakika tatu za kazi.

Jozi hailingani

Moja ndefu, moja fupi. Soksi ya kwanza ulifuma ukiwa makini, ya pili ulifuma ukiangalia tamthilia. Andika raundi kwenye karatasi kuanzia soksi ya kwanza: mpira raundi ngapi, mguu ngapi, ukuta ngapi. Ukitegemea futi kamba, kila siku unavuta tofauti.

Hata hivyo, mwezi wa saba nilimfumia mume wangu jozi, raundi kwa raundi, nimeandika kila kitu. Akavaa, akasema ya kulia inambana vidole. Nikazilaza mezani, zikalingana kama sahani. Nikazihesabu tena: 58 na 58. Nikataka kumwambia anatafuta sababu ya kurudia zile za dukani. Kisha nikamwambia, "Baba, simama juu ya karatasi," nikachora nyayo zote mbili kwa penseli, nikaweka futi kamba. Mguu wa kulia ulikuwa mrefu kwa milimita 7. Nikafungua ncha ya ile ya kulia, nikaongeza raundi mbili, nikaifunga upya. Ndani yake, chini ya mpira, nimetia uzi mwekundu ili asikosee gizani.